Kambi Iliyogeuka Mtaa: Maji, Kivuli na Njia Kabla ya Nyumba

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Mlio Nyarugusu kule Tanzania, mlio Kakuma, Kalobeyei na Dadaab nchini Kenya, mlio Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, pamoja na ndugu zetu wenyeji mnaotusikiliza mkiwa jirani na kambi, karibuni sana. Vuteni viti, vuteni mikeka. Wenye redio ya betri, wasogezeeni na majirani.

Leo tunazungumzia mtaa. Tutaona namna ya kuupanga ili maji ya mvua yasiubomoe, jua lisiwachome wakazi, na miti ya jirani isiishe. Wataalamu huuita mtaa endelevu. Maana yake ni mtaa ambao watu wa leo wanaishi vizuri bila kuwamalizia maji, udongo na miti wale watakaoishi hapo kesho.

Najua kuna mzee hapo ameshaanza kutikisa kichwa. Anasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye hati za viwanja. Sisi tuko hapa kwa muda. Kwa nini nipange mahali nisipopaita kwangu?" Mzee wangu, swali lako ni zito na sitalikimbia. Nivumilie kidogo, nitalijibu kabla kipindi hakijaisha.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuanze mbali, kule Ujerumani. Kusini magharibi mwa nchi hiyo kuna mji unaoitwa Freiburg. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Ufaransa lilikuwa na kambi pembezoni mwa mji huo. Mwaka 1992 wanajeshi wakaondoka. Wakabakiza majengo matupu, viwanja na miti mikubwa. Mji ulikuwa na shida ya nyumba, kwa hiyo kambi ile ikaamuliwa iwe mtaa wa watu. Leo unaitwa Vauban, na wanaishi humo zaidi ya watu 5,000.

Mnaona kilichonivuta? Kwa Kiswahili chetu, mahali pa wanajeshi tunapaita kambi, na mahali petu sisi pia tunapaita kambi. Kambi hupangwa kwa haraka, kwa mistari, na mtu wa juu ndiye anayeamua. Mtaa ni kitu kingine. Vauban ilivukaje kutoka kambi hadi kuwa mtaa unaotembelewa na wapangaji wa miji kutoka nchi nyingi?

Kabla ya kuchora nyumba, walikubaliana mahali ambapo hapatajengwa. Miti mingi ya zamani waliiacha imesimama. Kijito kinachopita pembeni wakakiachia nafasi yake. Kati ya safu za nyumba wakaacha mikanda ya kijani, ambako watoto hucheza na hewa hupita. Wakachimba mitaro mipana yenye nyasi, bila saruji chini, ili maji ya mvua yaingie ardhini badala ya kukimbilia mtaa wa chini. Nyumba zikajengwa katika nafasi iliyobaki.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka mbaki nalo leo: ukitaka mtaa udumu, anza na nafasi zitakazobaki wazi, yaani njia ya maji, mahali pa miti na njia ya watu. Nyumba mbovu unaweza kuibomoa na kuijenga tena kwa wiki chache. Njia ya maji ikishajengwa nyumba 40 juu yake, kuirudisha ni kuvunja nyumba 40.

Hata viwango vya UNHCR vinasema jambo hilohilo. Shirika hilo linapopanga kambi, hupendekeza mita za mraba 45 kwa kila mtu. Najua wengine mmeshaanza kucheka na kutazama uwanja wenu. Lakini hizo 45 si kiwanja cha mtu mmoja. Ndani yake mna njia, mitaro, shule, zahanati, soko na bustani ndogo ya mboga. Sasa sikilizeni: sehemu ya kuishi chini ya paa, kwa kiwango cha chini katika nchi za joto, ni mita za mraba 3.5 tu kwa mtu. Nyingine zote, zaidi ya 41, ziko nje ya nyumba ya mtu. Basi anayemega mtaro au njia ili aongeze chumba, anamega katika sehemu ambayo ni ya wote.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuanze na maji, maana hayo ndiyo hakimu wa kwanza wa mtaa. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hayana habari na namba ya bloku wala kadi ya mgao.

Tufanye hesabu pamoja, na wanafunzi mchukue kalamu. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya eneo la mita 1 kwa mita 1, unapata lita 1 ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mita 4 kwa mita 5. Hizo ni mita za mraba 20. Ikinyesha mvua moja nzito ya milimita 20, paa hilo limepokea lita 400. Hayo ni madumu 20 ya lita 20. Sasa weka nyumba 16 pamoja. Unapata lita 6,400, sawa na madumu 320, kwa mvua ya alasiri moja. Na hapo sijahesabu uwanja. Uwanja uliokanyagwa kila siku unakuwa mgumu kama sakafu, maji hayaingii, yanateleza tu juu yake.

Madumu 320 yanakwenda wapi? Kama mtaro uko wazi, yanakwenda mtaroni. Kama jirani amejenga jiko lake juu ya mtaro, yanakwenda kwa mama wa nyumba ya chini. Katika kambi niliyokulia niliona ukuta wa tope ukilowa kuanzia chini. Haukuanguka siku ya mvua. Ulianguka siku ya pili, jua lilipowaka, watu wakiwa wameshasema hatari imepita. Aliyeziba mtaro alikuwa juu na nyumba yake ilikuwa kavu. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake, alitaka jiko tu. Lakini mtaa ndivyo ulivyo: uamuzi wa juu, hasara ya chini.

Kwa hiyo, tufanye nini? Jambo la kwanza, mtaro ubaki wazi na usafishwe kabla ya msimu wa mvua. Jambo la pili, tupunguze maji yanayofika mtaroni. Ukiweza, kinga maji ya paa kwa bati lililokunjwa yaingie kwenye pipa, ufulie na kumwagilia. Chini ya bomba la maji, pale panapokuwa na matope siku zote, chimbeni shimo la kufyonza maji, mlijaze mawe na changarawe, na pembeni mpande migomba au mboga. Shimo likianza kukaa na maji siku nyingi, lisafisheni, maana mbu wanahitaji wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka.

Wanaoishi Turkana, ambako mvua ni chache na ikija inakuja kwa hasira, hutengeneza vitanda vya mboga vilivyozama chini ya usawa wa ardhi, ili kila tone libaki kwenye shina. Wanaoishi Kigoma, ambako mvua ni nyingi, huinua vitanda juu ili mizizi isioze. Yote ni kusoma maji ya mahali ulipo.

Na vyoo? Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada hufuata, vinasema choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, kama kisima. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Chini ya shimo pia pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5. Na choo kikae upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Mkiona shimo linachimbwa juu ya kisima, semeni mapema kabla halijatumika.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa jua na kivuli. Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu jambo zuri la Ujerumani likinakiliwa bila kufikiri linaweza kutuumiza.

Kule Vauban baridi ni kali, theluji huanguka. Nyumba zao nyingi zina kuta nene, na madirisha makubwa yanatazama kusini, kwa sababu kwao jua la mchana hukaa upande wa kusini. Wanalikaribisha ndani lipashe nyumba joto, wapunguze kuchoma gesi na kuni. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana jua liko juu ya paa, na linalotutesa zaidi ukutani ni la asubuhi na la jioni. Kwetu nyumba nzuri huelekeza kuta zake fupi mashariki na magharibi, na kuta ndefu zenye mlango na madirisha zikatazama kaskazini na kusini. Nyumba ileile, matope yaleyale, bati lilelile, ukiigeuza tu utaona tofauti saa kumi jioni.

Kisha panda mti upande wa magharibi. Kakuma mnaujua mwarobaini, unavumilia ukame na kivuli chake ni kipana. Mlonge unakua haraka na majani yake yanaliwa. Usiupande mti mkubwa ukigusa ukuta, mizizi itakuja kudai nafasi yake. Na tusipande yote mahali pamoja, hewa nayo inahitaji kupita. Nyumba zikibanana ukuta kwa ukuta, joto la mchana hulala nanyi usiku.

Miti inatupeleka kwenye kuni. Mama na dada zetu wanajua safari ya kuni ilivyo ndefu na hatari zake. Wenyeji nao wanaona miti yao inapungua, na ugomvi mwingi baina yetu umeanzia hapo. Jiko banifu la udongo, kuni zilizokaushwa na kupasuliwa nyembamba, maharage yaliyolowekwa tangu usiku, sufuria yenye kifuniko: haya manne hupunguza kuni bila kusubiri mradi wa mtu. Vauban nao wana mtambo wa pamoja unaochoma vipande vya mbao na kusambaza joto kwa nyumba nyingi, badala ya kila familia kuwa na moto wake. Huko Kalobeyei, umeme wa jua umeanza kuwasha maduka na nyumba za baadhi ya wakazi. Nishati ya pamoja, mkiipanga vizuri, hupungua gharama.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuje kwenye njia. Vauban inasifiwa sana kwa sababu magari hayaegeshwi mbele ya nyumba nyingi. Mwenye gari hununua nafasi, tena kwa bei kubwa, katika jengo la maegesho pembezoni mwa mtaa. Watu wengi wanatumia miguu, baiskeli, na treni ya mjini iliyofikishwa hapo mwaka 2006. Ndugu zangu, kumbe kuna watu wanalipa ili kuishi bila gari mlangoni! Sisi huo utajiri tunao bure.

Lakini mtembea kwa miguu anahitaji njia fupi. Viwango vya Sphere vinasema bomba la maji lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, na bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250. Binti anayekwenda mita 500 na kurudi ametembea kilomita 1. Safari nne kwa siku ni kilomita 4, nusu yake akiwa na kilo 20 kichwani. Sasa fikiria bloku ambayo kichochoro chake kimezibwa na uzio wa mtu mmoja. Binti yule inabidi azunguke bloku nzima. Uzio mmoja umeongeza mzigo kwa watoto wote wa nyuma yake, na wengine wanachelewa shule kwa sababu hiyo.

Njia pana ina kazi nyingine ambayo tunaikumbuka siku ya msiba tu, nayo ni kuzuia moto. UNHCR hupendekeza kwamba kila baada ya mita 300 za nyumba paachwe ukanda wazi wa mita 30, ili moto ukifika hapo ukose cha kushika. Ukanda huo huonekana kama ardhi ya bure, na watu hutamani kuweka vibanda. Wekeni uwanja wa mpira. Wekeni bustani ya mboga za chini. Eneo lenye kazi hulindwa na watu wenyewe.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa, nani anaamua haya yote? Kule Freiburg wakazi waliotaka kuhamia Vauban waliunda chama chao, wakakaa mezani na wakuu wa mji wakati ramani bado inachorwa. Familia ziliungana kwa vikundi na kujenga pamoja.

Huku kwetu, tazameni Kalobeyei. Mwaka 2015 jamii ya wenyeji wa Turkana na serikali ya kaunti walitoa ardhi ya hekta zipatazo 1,500, na mwaka 2016 wakimbizi wakaanza kuhamia. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lilisaidia kupanga mji ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule, zahanati na soko moja. Baadaye baadhi ya familia zilipewa fedha zisimamie ujenzi wa nyumba zao za kudumu.

Mambo yote hayakwenda kama ramani ilivyotaka. Vita vya Sudan Kusini vilileta watu wengi kwa muda mfupi, na maji katika nchi kavu ile ni ya kugombania. Lakini mpango umebaki kuwa kitu cha kujadiliana. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imefuatwa na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Kakuma nayo imepewa hadhi ya manispaa.

Ndugu zangu wa Kakuma, hili linawagusa moja kwa moja. Kambi inapogeuka mji, kuna siku mtu anakuja na ramani. Itaamuliwa barabara ipite wapi, na nyumba zipi ziko kando ya laga, yaani ule mto mkavu unaojaa ghafla. Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa, nendeni. Akina mama hasa nendeni, kwa sababu ninyi ndio mnaojua bomba lipi lina foleni, na kichochoro kipi kinatisha usiku. Mchora ramani anayajua vipimo. Hayo mengine atayajua kwenu.

[MUZIKI UNASHUKA KABISA. KIMYA KIFUPI]

MTANGAZAJI: Mzee wangu, sasa nimefika kwenye swali lako. Kwa nini tupange mahali ambapo tuko kwa muda?

Nina majibu mawili. La kwanza ni fupi: mvua haiulizi utakaa miezi mingapi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Kakuma mwaka 1992. Zote zilianza kama mahali pa muda. Kuna watoto waliozaliwa humo ambao leo ni wazazi. Na kama wewe utarudi nyumbani mwezi ujao, Mungu akujalie, basi mtaro ulioacha wazi utakuwa umekulinda mwezi huu. Ukitaka mti wa mtu wa safari, panda papai. Kwa kawaida huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja.

Jibu la pili linatoka Nduta. Kambi ile ilikuwa na Warundi miaka ya nyuma, ikafungwa, watu wakaondoka. Mwaka 2015 vurugu zikaanza tena Burundi, na Nduta ikafunguliwa upya. Waliofika walikuta ardhi kama walivyoiacha wa kwanza. Mti uliopandwa uliwafaa. Korongo lililochimbwa na maji liliwasumbua. Ardhi yenyewe haikuhama, na wenyeji wake hawakuhama. Unayepanga vizuri hapo ulipo, unampangia mwenyeji aliyekupokea, na pengine mkimbizi usiyemjua ambaye siku yake bado haijafika. Sisi tuliofika usiku tukakuta kisima kimeshachimbwa, tunajua uzito wa jambo hilo.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAANZA CHINICHINI]

MTANGAZAJI: Kazi ya wiki hii haina gharama. Mvua ijayo ikikatika, tokeni kumi au kumi na watano wa bloku moja. Muwe na kiongozi wenu, kijana mmoja, mama mmoja, na kama inawezekana mwenyeji mmoja anayeijua ardhi hiyo tangu utoto. Fuateni maji kutoka juu hadi chini. Kila yanapopita wekeni jiwe. Kila yanaposimama wekeni kijiti. Angalieni pia choo kipi kiko juu ya kisima, na kichochoro gani kimezibwa. Mtoto anayejua kuchora achore ramani kwenye karatasi moja, mwipeleke kwa uongozi wa kambi kabla ya kuchimba chochote, maana kila kambi ina masharti yake.

Kisha fanyeni jambo gumu zaidi. Kaeni na jirani aliyejenga juu ya mtaro. Msimwendee kwa kelele. Mwonyesheni mawe mliyoweka, na mwende na majembe, ili jiko lake mlihamishe pamoja siku hiyohiyo.

Karatasi za kipindi hiki ziko kwa viongozi wa bloku na katika vituo vya vijana. Asiyejua kusoma asomewe. Wiki ijayo tutaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kujenga jiko banifu kwa udongo na majani makavu, kwa hiyo anzeni kukusanya udongo wa kichuguu. Kwa leo naishia hapa. Mkae salama, na mkae kwa amani na majirani zenu.

[MUZIKI UNAPANDA HADI MWISHO]